Pampu na mkanda wa pawa steringi Kigoma: ya mtumba, mpya ya boksi, au sili tu?

Madukani Mwanga na kando ya barabara ya Ujiji, mwenye Carina Ti, Corona Premio au Corolla 110 akiulizia pampu ya pawa steringi atawekewa mezani kitu kimoja kati ya vitatu: pampu ya mtumba iliyochomolewa kwenye injini ya Japani, pampu mpya ya boksi isiyo na jina la maana, au pakiti ndogo ya sili ya kufufulia pampu aliyonayo. Hukumu naitoa mapema. Ya mtumba iliyokaguliwa vizuri ndiyo ya kununua. Pakiti ya sili ndiyo ya kujaribu kwanza ikiwa pampu inavuja tu na haipigi kelele. Ya boksi ni ya kuchukua pale hizo mbili zinaposhindikana.

Ila pampu nyingi haziuawi na uzee. Zinauawa na oili chafu, mpira wa kunyonyea uliokauka na mkanda mbovu. Ukifunga pampu yoyote bila kugusa hivyo vitatu, jiandae kurudi dukani.

Ninachoeleza kinahusu Toyota za injini za 5A, 4A, 7A na 3S zenye injini iliyolala kwa mapana: Carina, Corona, Corolla na RAV4 ya kwanza. Noah ya SR40 nayo ina 3S, ila injini yake iko chini ya viti, kwa hiyo ushauri wa ununuzi unamfaa mwenye Noah lakini njia ya kuifikia pampu ni nyingine. Mwenye IST au Vitz asihangaike: usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme, hakuna pampu ya oili wala mkanda wake. Land Cruiser ya 1HZ ina pampu lakini inazungushwa kwa gia, siyo kwa mkanda.

Kwanza hakikisha ni pampu

Pampu inasingiziwa sana. Mlio mkali wa kupiga kelele gari inapowashwa asubuhi, au unapokata usukani hadi mwisho, mara nyingi ni mkanda unateleza. Mngurumo mzito unaopanda na mzunguko wa injini na kuongezeka ukigeuza usukani ndio wa pampu, na hata huo mara nyingi chanzo chake ni hewa au oili iliyopungua.

Kipimo cha mkanda ni maji. Injini ikiwa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagiwa mafuta, nyunyizia maji kidogo upande wenye mifereji, mikono na shati vikiwa mbali na feni. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikikatika kidogo kisha ikarudi, puli hazijanyooka mstari mmoja, na hapo kukaza mkanda hakusaidii kitu.

Usukani mzito upande mmoja tu na mwepesi upande wa pili siyo pampu. Hiyo ni valvu ya steringi raki, kile kifaa kinachosukuma matairi ya mbele kulia na kushoto. Mzito pande zote gari ikiwa silensa, halafu unalainika ukikanyaga mafuta, hapo shuku pampu au mkanda. Lakini pima kwanza upepo wa matairi ya mbele, maana tairi laini linaleta uzito uleule na dawa yake haigharimu kitu. Kisha ingia chini, finya kwa mkono mipira yenye mikunjo iliyo kwenye ncha mbili za raki. Ukihisi oili inacheza ndani, sili za raki zimekwisha, na pampu mpya itaisukumia raki hiyo oili ivujie pale pale.

Kuna ugonjwa mmoja unaowazungusha watu sana: oili ya pawa inapungua kila wiki, chini ya gari pakavu, na bomba la moshi linatoa moshi mweupe mzito. Wengine hufikia kufungua silinda hedi. Pampu nyingi za Toyota za miaka hiyo zina valvu ndogo ya hewa yenye mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kupandisha silensa kidogo usukani unapogeuzwa, injini isizime. Valvu hiyo ikipasuka ndani, injini inainyonya oili ya pawa na kuiunguza. Chomoa mipira hiyo miwili: ikiwa na oili ndani, mgonjwa umempata. Ziba njia zote mbili kwa muda, endesha siku moja, moshi ukikoma badilisha valvu peke yake.

Pampu ya mtumba

Muuzaji atasema, "Bosi, hii imetoka na injini yake Japani." Huenda ni kweli, na bado isiwe nzima. Kinachoamua ni dakika tano za kuikagua pale pale juu ya meza.

Shika puli, izungushe taratibu mizunguko miwili kamili. Inatakiwa iende kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho, bila kukwaruza na bila mahali inaposhika kisha kuachia. Halafu sukuma puli juu na chini, kulia na kushoto: ikicheza hata kidogo, beringi au bushi imekwenda, na hiyo haimo kwenye pakiti ya sili. Sasa viringisha kipande cha karatasi nyeupe, kiingize kwenye tundu la kuingizia oili, kigeuze, kitoe uangalie juani. Oili nyekundu au ya kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema pampu imepika oili kwa muda mrefu. Ukiona vichembe vinavyometa, iache hapo hapo hata kama ni ya bure: hayo ni mabati ya ndani yakikwangua ringi yao.

Tundu zilizoachwa wazi ni sababu nyingine ya kuondoka. Ndani ya pampu kuna rota yenye mabati madogo 10 yanayoteleza kwenye mifereji yake, na nafasi kati ya bati na mfereji ni karibu milimita 0.03. Vumbi letu jekundu likiingia humo halitoki kwa kupuliza, linasaga. Pampu iliyokaa rafuni bila vizibo miezi mizima kiangazi, mbele ya duka linalotazamana na barabara, ni chuma chakavu kilichopakwa bei ya spea. Duka zuri utalijua kwa hilo tu: pampu zake zina vizibo vya plastiki au hata matambara yaliyofungwa kwa waya.

Angalia pia shafti nyuma ya puli. Kutu pale inapokaa sili itaikata sili mpya ndani ya muda mfupi. Na usiihukumu pampu kwa kumimina oili na kuizungusha kwa mkono ukitegemea iiteme kwa nguvu. Yale mabati hutupwa nje na kasi ya mzunguko. Kwa mkono hata pampu nzima inaweza kutoa kidogo sana.

Nenda na pampu ya zamani mkononi, au na picha zake za pande zote ukiwa umeweka rula kando. Pampu za 5A na 3S zinafanana kwa mbali, na ndiyo njia rahisi ya kuuziwa isiyokuhusu. Hesabu mifereji ya puli. Linganisha puli inakaa umbali gani kutoka kwenye mwili wa pampu, kwa sababu tofauti ya milimita mbili tatu inatosha kuutupa mkanda nje. Linganisha bomba la kuingizia linaelekea wapi, masikio ya bolti yako wapi, na kama kuna ile valvu ya hewa au swichi ya presha yenye soketi ya waya. Puli ikiwa tofauti lakini shafti ni ileile, hamisha puli yako. Kwenye injini hizi puli nyingi zinashikwa na nati na kipande kidogo cha chuma kwenye shafti, hazihitaji mashine ya kuvutia kama zile za Ford na Chevrolet zilizobanwa kwa nguvu.

Ukiagiza Gerezani, Kariakoo, ili iletwe na basi, mwambie muuzaji azibe tundu zote kabla ya kufunga mzigo na akutumie picha ya namba. Kwa Toyota, namba ya pampu huanzia 44310 au 44320, na tarakimu zinazofuata hutegemea gari, kwa hiyo mpe namba ya chesesi kama ilivyo kwenye kibati ndani ya boneti. Kwenye risiti ya EFD omba aandike kwamba unaruhusiwa kuirudisha baada ya kuifunga na kuijaribu. Wenye mali nzuri huandika. Anayekujibu kwamba ikishafungwa hairudi amekueleza anachokijua kuhusu mali yake.

Mpya ya boksi

Inavutia: imepakwa rangi, ina nailoni, na unaambiwa haijawahi kuguswa na oili. Tatizo lake kubwa ni kwamba hujui unapata nini. Mbili za boksi moja, rafu moja, zinaweza kuwa na tabia mbili. Moyo wa pampu hii ni valvu ya kudhibiti mtiririko, kale kapistoni kenye springi kanakoamua oili kiasi gani iende kwenye raki injini inapozunguka kwa kasi. Kakiwa hakajachongwa sawa, usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye lami ya kwenda Kasulu, gari inayumba kwa kuguswa tu, au unakuwa mzito mjini hasa unapoegesha kwenye miinuko. Hakuna marekebisho ya nje. Mafundi wengine huhamisha valvu ya pampu ya zamani na kuiweka kwenye hii mpya. Inawezekana kama kipenyo kinalingana kabisa na inateleza kwa uzito wake yenyewe ikipakwa oili, la sivyo inakwama na usukani unagoma ghafla.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini zinaudhi: chengachenga za chuma ndani ya tundu, nyuzi za bolti zenye rangi ndani, wasa hazimo, puli haimo. Ukilazimika kuichukua, ioshe ndani kwa oili safi ya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) mara mbili tatu kabla ya kuifunga, na pitisha bolti zote kwa mkono ukiwa bado dukani. Kwa bei inayotozwa, kazi hii ilitakiwa ifanywe na aliyeitengeneza.

Pakiti ya sili

Ndiyo nafuu kuliko zote na ndiyo inayodharauliwa. Ndani kuna oili sili ya shafti, mipira ya duara ya kifuniko na ya njia za oili, na wakati mwingine ringi ya kufungia. Namba ya Toyota huanzia 04446. Soma vizuri, kwa sababu 04445 ni ya raki, na pakiti hizo mbili huchanganywa kwenye droo moja.

Pakiti hii inatibu uvujaji tu. Ukifungua pampu, pitisha ukucha ndani ya ringi ambamo mabati huzunguka. Ukihisi ngazi au mikwaruzo, sili haitakusaidia. Ikiwa laini, toa mabati yote 10, yaoshe, yarudishe upande wa mviringo ukitazama nje, kwenye ringi. Kurudisha moja kinyume kunatosha kuleta mngurumo. Ringi yenyewe ina alama, irudishe upande uleule. Sili ya shafti igongwe kwa soketi inayolingana na ukingo wake, ikiwa imepakwa oili, ikae sawasawa pande zote. Mahitaji ni koleo la ringi za kufungia, nyundo ya plastiki na meza safi. Fanyia ndani, siyo uani kwenye upepo wa jioni kutoka ziwani.

Mkanda

Hapa usibane matumizi. Bando na Mitsuboshi za Japani, au Gates, zinatosha kabisa. Hata mkanda jenuini wa Toyota, wenye namba inayoanzia 90916, hutengenezwa na viwanda vya mikanda kama hivyo. Namba kama 4PK890 inasomeka hivi: mifereji minne, umbo la PK, urefu wa milimita 890. Huo ni mfano wa kusoma tu, wako unausoma mgongoni mwa ule wa zamani au kwa namba ya chesesi. Ukipata wenye urefu unaozidi kwa milimita tano unaweza kufaa kama bolti ya kukazia bado ina nafasi. Ukizidi milimita 15, utafika mwisho wa nafasi hiyo ukiwa bado umelegea. Mifereji lazima ilingane na puli.

Feki zipo nyingi. Angalia maandishi ya mgongoni: ya kweli yamenyooka na hayafutiki kwa kidole chenye mate. Mifereji iwe na kina sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho na nyuzi zisichomoze pembeni. Mkanda uliotundikwa juani kwenye msumari mbele ya duka usiuchukue hata kama jina ni zuri.

Jambo moja limebadilika na wengi hawajalishika. Mikanda ya zamani ilikuwa inapasukapasuka, ukiona nyufa unabadilisha. Ya siku hizi imetengenezwa kwa mpira wa EPDM ambao haupasuki kirahisi. Unalika kama tairi. Mfereji unapanuka, mkanda unazama ndani ya puli, unateleza, na kwa macho bado unaonekana mpya. Uweke mpya na wa zamani kando kwa kando utaona tofauti.

Mkanda uliolowa oili ya pawa ni wa kutupa. Kuuosha kwa petroli kunaumaliza haraka zaidi. Na kile kipande cha sabuni kinachopakwa ili kelele ikome, kinanyamazisha kwa safari moja, kisha kinakauka na kuwa utelezi.

Kuifunga nyumbani

Kazi hii inafaa kwa mtu mwenye spana za kawaida na nusu siku. Uwe na soketi za 12, 14, 17 na 19, spana ya magurudumu ya 21, jeki na stendi mbili za uhakika (matofali ya kuchoma hapana, yanapasuka ghafla), bomba la sindano kubwa, wasa mbili mpya za bolti ya bomba la presha, klipu mpya mbili, futi mbili za mpira wa oili, na ATF lita mbili. Mfumo wenyewe unachukua karibu lita moja. Ya pili ni ya kuoshea. Kwa Toyota hizi ni ATF ya Dexron II au III. Mwenye Honda asiige: Honda ina oili yake ya pawa, na ATF huharibu sili zake.

Pampu imekaa nyuma ya injini, upande wa ukuta wa kabini, mkono wa kulia ukiwa umekaa garini. Toa tairi la mbele la kulia na plastiki ya kuzuia matope. Njia nzuri inapitia hapo, juu utaumiza vidole bure. Toa waya wa nega ya betri. Nyonya oili yote kwenye tanki kwa sindano.

Sasa jambo linalosahaulika: legeza nati ya puli wakati mkanda bado umekaza, kwa sababu mkanda ndio unaoishikilia puli isizunguke. Ukishautoa mkanda utahangaika na bisibisi na kuvunja ukingo wa puli. Kisha legeza bolti ya egemeo, halafu ile ya kufungia, ndipo ufungue ya kurekebisha. Ukianza na ya kurekebisha huku ya kufungia imekaza, nyuzi zinakwisha, na hiyo ndiyo hasara ya kwanza inayowapata wengi.

Weka beseni chini. Fungua bomba la presha na mpira wa kunyonyea, ziba ncha zote kwa nailoni safi. Chomoa swichi na mipira ya valvu ya hewa, ukiwa umeitia alama upi ni upi. Toa bolti za pampu, itoe kwa kuizungusha kupitia nafasi ya tairi.

Kabla ya kurudisha chochote, shughulika na tanki. Chini yake kuna chujio la wavu. Kwenye magari mengi halitoki. Osha tanki zima kwa mafuta ya taa, tikisa, rudia hadi yatoke meupe, kausha kabisa, maliza kwa kusuuza na ATF. Wavu ulioziba ndio unaofanya pampu mpya ingurume siku ya kwanza, kwa sababu inanyonya na haipati. Wavu usiposafika, tafuta tanki lingine.

Badilisha na mpira wa kunyonyea. Ukiwa mgumu, au klipu yake imelegea, unanyonya hewa bila kuvuja tone, kwa sababu upande huo hauna presha, una mvuto tu. Oili inageuka povu la rangi ya waridi na kila mtu analaumu pampu. Mpira uwe wa oili. Mpira wa maji ya rejeta unalainika na kuvimba ndani, na njia inaziba polepole.

Pampu mpya ijaze oili kwanza, izungushe kwa mkono, ndipo uipandishe. Shika bolti zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja. Bolti ya bomba la presha inakaa na wasa mbili mpya, moja kila upande wa kichwa cha bomba. Ile presha hupita kilo 60 kwa sentimita mraba, na wasa ya zamani iliyokwishakubonyea haiwezi kuizuia. Mwenye toki, spana inayopima nguvu ya kukaza, aiweke karibu Nm 50. Hakikisha bomba limekaa pale linapogusa kizuizi chake, lisigusane na bodi wala eksozi.

Vaa mkanda, chungulia kwa pembeni kwamba umekaa kwenye mifereji yote, siyo mmoja umebaki nje. Ukikaza kwa nondo, egemeza kwenye chuma cha pampu kinachoshikwa na bolti, kamwe usiegemeze kwenye puli wala bomba. Bonyeza katikati kwa nguvu ya kilo 10 hivi: mkanda mpya ushuke karibu milimita sita hadi nane, uliotumika nane hadi kumi. Toyota huuhesabu mkanda kuwa uliotumika ukishazunguka zaidi ya dakika tano, kwa hiyo kukaza mara moja na kuondoka siyo kazi iliyokamilika. Kukaza kupita kiasi nako kunavuta shafti upande mmoja, bushi inalika, kisha sili inaanza kuvuja. Na lawama inakwenda kwa aliyeuza pampu.

Kutoa hewa

Matairi ya mbele yawe juu, injini imezimwa. Jaza tanki, geuza usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara kumi hadi ishirini, mtu mwingine akiongeza oili isikauke. Ndipo uwashe, silensa tu, urudie mara chache. Usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde 10. Hapo pampu inasukuma oili isiyo na pa kwenda na joto linapanda ghafla.

Kipimo cha mwisho ni rahisi: injini ikiwa silensa na matairi yamenyooka, tia alama usawa wa oili kwenye tanki, kisha zima. Usawa ukipanda zaidi ya milimita tano, au oili ina mapovu, hewa bado imo. Acha gari nusu saa mapovu yapande yenyewe, kisha rudia. Kukanyaga mafuta kwa hasira kunayasaga mapovu yakawa madogo zaidi na kazi inarefuka.

Baada ya hapo zungusha mtaani, rudi, pima tena mkanda, futa bolti ya bomba kwa kitambaa kikavu uone kama kuna unyevu. Rudia ukaguzi huo baada ya safari ya kwanza ndefu, ya Uvinza au Kasulu. Oili ikigeuka nyeusi ndani ya wiki za mwanzo, ni uchafu uliobaki kwenye raki na mabomba unatoka: nyonya ya kwenye tanki kwa sindano, weka mpya, geuza usukani, rudia mara mbili au tatu kwa ile lita ya pili.

Fundi wa gereji akiifanya kazi hii, mlipe, lakini msimamie kwenye vitu viwili: tanki lioshwe na wasa ziwe mpya. Ndivyo vinavyorukwa, kwa sababu gari ikiondoka gereji havionekani. Oili chafu isimwagwe mtaroni, maana mvua ikinyesha mteremko wote wa mji huu unaishia ziwani. Iweke kwenye dumu, gereji nyingi huipokea.